Akaunti Ikifungiwa, Biashara Isipotee

Hapa Unguja wapo wafanyabiashara wengi, hasa kina dada wanaouza mabaibui, udi na viungo, ambao hawana mlango Darajani wala Mlandege. Duka lao zima limo ndani ya Instagram. Nawaheshimu sana kwa juhudi zao, ndiyo maana naona uchungu ninaposikia mmoja wao amefungiwa akaunti, akakosa kwa pamoja picha za bidhaa, majina ya wateja na kumbukumbu za nani ameshalipa arbuni.

Naamini mali halisi ya biashara ya namna hii ni wateja na jina, na vyote viwili vinaweza kuwekwa pahala ambapo kampuni ya ng'ambo haina ufunguo wake. Namba za wateja, oda na arbuni ziandikwe kwenye daftari kila siku. Kuzihamishia WhatsApp peke yake hakutoshi, kwa kuwa mwenye WhatsApp, Facebook na Instagram ni mmoja, Meta, na tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Picha nazo zihifadhiwe nje ya simu.

Kuhusu jina, wengi hulipuuza, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Akaunti ikishafungiwa, tapeli anaweza kufungua nyingine kwa jina lile lile na kuanza kupokea arbuni za watu. Meta hupokea malalamiko ya mwenye alama ya biashara (jina au nembo ya bidhaa zake) iliyosajiliwa, lakini ni lazima usajili uwepo. Kwetu usajili hufanywa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar. Alama iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, haimlindi mtu Zanzibar.

Rufaa ikatwe mapema, ndani ya programu yenyewe, kwani Instagram huweka muda wa siku 180, na ukipita akaunti hufungwa moja kwa moja. Anayedai malipo ili "aifungue" asipewe hata senti, wala nywila.

Wakati rufaa inasubiriwa, wa kupigiwa simu kwanza ni wale waliokwisha kulipa arbuni, kwa sababu wao ndio wenye haki ya kuingiwa na hofu. Waelezwe kilichotokea, waambiwe mzigo wao utafika lini, na wapewe namba moja tu ya malipo ambayo haitabadilika.