Ukingo wa jani: hapo ndipo pa kusimamisha mhadhara

Karibu kila mhadhara wa mtandaoni kuhusu visukuku vya mimea, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhika katika mawe, hufika mahali ukaambiwa kwamba majani yenye ukingo laini, usio na meno, ni dalili ya joto na yenye meno ni dalili ya baridi. Kanuni huonyeshwa mara moja, kisha picha inapita. Simamisha video hapo uiandike: joto la wastani la mwaka la mahali mimea ilipoota, kwa nyuzi za Selsiasi, ni 30.6 × P + 1.14. P ni sehemu ya spishi zenye ukingo laini. Ukiwa na spishi 25 na 20 kati yake ni laini, P ni 0.8 na jibu ni nyuzi 25.6.

Ijaribu kwanza kwa majani mabichi ya karibu na kwako. Tafuta spishi za miti na vichaka zisizopungua 20. Zinazohesabiwa ni spishi, si majani, na wengi huharibia hapa kwa kuokota majani hamsini ya mti mmoja. Minazi, migomba na nyasi ziache. Kanuni haikutungwa kwa ajili yake. Toa pia miti ya kuletwa. Mwarobaini una meno kama msumeno, lakini kwao ni Asia.

Jino la kweli huwa na mshipa unaoliendea. Kwenye jiwe, ukingo uliokatika ghafla na kuacha mishipa ikining'inia ni jani lililochanika tu, basi usilihesabie meno.

Kanuni hii ina mapungufu. Imetokana na misitu ya Asia Mashariki. Isitoshe, miti ya kando ya maji huelekea kuwa na meno zaidi, na majani yake ndiyo yanayoangukia topeni na kuhifadhika, kwa hiyo jibu hushuka chini ya joto halisi. Kwetu Tropiki spishi nyingi zina ukingo laini, hivyo ukingo hausemi mengi. Ukubwa wa jani ndio unaofaa, kwa kukadiria mvua. Zidisha urefu kwa upana, kisha chukua theluthi mbili: jani la sentimita 9 kwa 4 lina eneo la sentimita za mraba 24.

Mahenge, Singida, ndipo njia hii ilipotoa jibu la kushangaza. Majani yaliyozama katika ziwa la kreta miaka milioni 46 hivi iliyopita yalionyesha mvua ya takriban milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na pori kavu la jamii ya mikunde linalofanana na miombo ya leo, si msitu mnene.

Ukitaka kupima majani ya aina hiyo kwenye skrini, angalia kama picha ina mstari wa sentimita pembeni. Usipokuwepo, eneo halipatikani, ila ukingo bado unahesabika.