Kumpeleka Mfungwa Bila Mashitaka

Masomo ya juma hili: Matendo 22:22–29, 23:23–30, 25:23–27

Wapendwa katika Bwana, tukizisoma sura hizi kwa mfuatano tunaona mambo mawili ambayo serikali nyingi za leo zingependa yasiulizwe. La kwanza ni amri ya jemadari wa Kirumi kwamba Paulo ahojiwe kwa mijeledi, yaani apigwe kwanza ndipo ijulikane amekosa nini. La pili ni safari ya usiku, Paulo anapotolewa Yerusalemu saa tatu ya usiku, akizungukwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, ili asiuawe na waliokula njama dhidi yake. Hata hivyo safari ile iliandamana na barua, na barua ilieleza mtu huyu ameshikwaje, anashitakiwa na nani na anapelekwa kwa nani. Baadaye Festo, liwali asiyemcha Mungu wa Israeli, alimwambia mfalme Agripa kwamba haoni maana ya kumpeleka mfungwa pasipo kuonyesha mashitaka yake.

Suleiman Abdallah Salim, mzaliwa wa Zanzibar, hakuandikiwa barua ya namna hiyo. Machi 2003 alitekwa Mogadishu, akasafirishwa kwa siri hadi gereza la Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, nchini Afghanistan. Ameeleza jinsi alivyofungwa kwa minyororo katika giza totoro, muziki ukipigwa kwa kishindo usiku na mchana, akamwagiwa maji ya baridi, akabamizwa ukutani na kufungiwa ndani ya sanduku. Hakushitakiwa kwa kosa lolote. Aliachiwa mwaka 2008, akiwa na hati iliyosema kwamba si tishio, akarudi nyumbani Zanzibar. Mwaka 2015 yeye na wenzake waliwashitaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu hizo za mateso, James Mitchell na Bruce Jessen, na Agosti 2017 shauri hilo likamalizika kwa mapatano. Si yeye peke yake. Ripoti ya Baraza la Seneti la Marekani ya Desemba 2014 ilitaja wafungwa 119 wa mpango huo wa CIA wa kuwafunga watu kwa siri, na ikakiri kwamba angalau 26 hawakustahili kushikwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba watuhumiwa wa ugaidi hawastahili huruma. Neno hili si la kupuuzwa, maana sisi ni watu tuliozika ndugu zetu Dar es Salaam na Nairobi baada ya mabomu ya 7 Agosti 1998, na uchungu ule haujaisha. Lakini wanne kati ya waliohusika walihukumiwa mwaka 2001 huko New York, katika mahakama ya wazi, mbele ya baraza la wazee wa mahakama, nao wakapewa kifungo cha maisha. Haki ilipatikana mahali ambapo mashahidi walisikika na majina yalitajwa.

Waebrania 13:3 inatuagiza tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao, na wanaodhulumiwa, kwa vile sisi nasi tuko katika mwili. Kuna watu wa North Carolina, Marekani, walioliishi agizo hili kwa namna inayonigusa sana. Walipofahamu kwamba ndege za kuwasafirisha mateka hao ziliendeshwa na kampuni ya Aero Contractors, kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Kaunti ya Johnston, jirani kabisa na makanisa yao, Wakristo wa madhehebu kadhaa waliungana na Waislamu na majirani wasio na dini. Walisimama na mabango langoni, wakawaandikia viongozi wa kaunti na wa jimbo, wakajitolea hata kuokota takataka kandokando ya barabara iendayo uwanjani. Serikali ilipokataa kuchunguza, iliundwa tume ya raia, ambayo ilisikiliza ushahidi hadharani mjini Raleigh mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikatoa ripoti iliyoonyesha kwamba angalau watu 49 walisafirishwa kwa ndege hizo. Hakuna rubani wala mkuu wa kampuni aliyefikishwa mahakamani. Nathubutu kusema kwamba kazi yao ilikuwa ibada, kwa kuwa walikataa kuwaombea wafungwa huku wakifumbia macho lango ambalo ndege zilipitia.

Tanzania bado haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1984 dhidi ya Mateso. Kenya iliuridhia mwaka 1997 na ikatunga sheria ya kuzuia mateso mwaka 2017, na bado familia huko zinaendelea kuwatafuta vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana katika magari yasiyo na namba. Naomba basi kwamba Jumapili iliyo karibu na 26 Juni, siku ya kimataifa ya kuwaunga mkono walioteswa, maombezi ya kanisa yataje majina ya waliopotea kutoka mitaa yetu, familia zao zikiridhia, na kwamba wazee wa kanisa wamwandikie mbunge wa jimbo wakimuuliza lini mkataba huo utafikishwa bungeni.