Barua yangu kwa jaji haikufaa, ombi la mdogo wangu likasikilizwa

Barua ya kwanza niliyomwandikia jaji kumwombea mdogo wangu, aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe, ilikuwa na kurasa nne, na niliiandika nikilia. Nilimweleza habari za mama, aliyekuwa akiamka usiku na kuuliza kama mdogo wangu amerudi. Nikamweleza habari za watoto wake wawili na shamba lililobaki bila mtu wa kulilima. Nikaapa kwamba hakuiba wale ng'ombe. Nikaipeleka mwenyewe hadi masijala ya Mahakama Kuu, ikapigwa muhuri, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba binadamu yeyote akisoma maneno yale hawezi kukaa kimya.

Baada ya wiki kadhaa nikapata jibu la mistari minne lenye sahihi ya naibu msajili. Mahakama haiamui jambo kwa barua ya mtu asiye mhusika katika kesi. Mfungwa mwenyewe awasilishe ombi, na upande wa mashtaka upewe nakala.

Niliumia sana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kama jaji angekuwa tayari kusoma barua yangu kwa siri, basi angeweza pia kusoma barua ya mlalamishi kwa siri, na mdogo wangu asijue kamwe alichosemwa. Mlango niliofungiwa mimi ulikuwa umefungwa kwa ajili yake pia.

Mdogo wangu alikamatwa Machi 2019 kwa shtaka la wizi wa mifugo. Korti ilimpa dhamana, lakini hatukuwa na hati ya shamba ya kuweka wala mtu wa kumsimamia mwenye mali ya kutosha, kwa hiyo akabaki rumande. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Kisha ukaja ugonjwa wa korona na mambo yakasimama kabisa. Hakimu alimhukumu Julai 2021, kifungo cha miaka 7. Miezi 28 aliyokuwa amekaa ndani haikutajwa hata kwa neno moja, na waranti ya kifungo ikaonyesha kwamba kifungo kinaanza siku ile ya hukumu.

Sikujua kwamba hilo lilikuwa kosa hadi nilipoambiwa na msaidizi wa kisheria niliyekutana naye nje ya gereza siku ya kutembelea wafungwa. Alinitajia kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Kenya. Kinasema kwamba mtu aliyekuwa kizuizini kabla ya hukumu, muda huo lazima uzingatiwe katika kifungo chake. Akaniambia pia kuhusu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2018 katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed na mwenzake. Majaji walieleza humo kwamba haitoshi korti kusema imezingatia muda wa rumande, kisha iamuru kifungo kianze siku ya hukumu. Kuzingatia ni kupunguza.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Miaka 7 ni miezi 84. Mfungwa wa kosa kama lake akiwa na mwenendo mwema na akifanya kazi hupata punguzo la theluthi moja chini ya Sheria ya Magereza, kwa hiyo inabaki miezi 56. Ukianza kuihesabu Julai 2021, anatoka Machi 2026. Ukianza Machi 2019, anatoka Novemba 2023. Nilirudia hesabu ile mara tatu kwa sababu sikuamini kwamba miaka miwili na zaidi ya uhai wa mtu inaweza kupotea kwa sababu sentensi moja haikuandikwa.

Kazi ya kwanza ikawa kutafuta karatasi. Katiba, katika ibara ya 50(5), inampa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa kortini, kwa kulipia ada. Niliomba mwenendo wote, hukumu na hati ya mashtaka, zote zikiwa zimethibitishwa kwa muhuri wa korti. Nilikwenda mara nyingi, maana mwenendo ulikuwa haujapigwa chapa. Hati ya mashtaka ndiyo iliyonifungua macho. Mimi nilikuwa nimezoea kuangalia yale maelezo ya kosa tu, lakini chini yake kuna nafasi ya tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kufikishwa kortini. Zilikuwa zimejazwa na polisi wenyewe. Ushahidi wetu ulikuwa umelala kwenye karatasi ya kwanza kabisa ya jalada muda wote huo.

Sehemu ngumu kuliko zote haikuwa kortini. Ilikuwa siku niliyokwenda gerezani kuzungumza naye kuhusu ombi lenyewe. Yeye alitaka aandike kila kitu: kwamba shahidi wa pili alidanganya, kwamba ng'ombe hawakupatikana kwake, kwamba miaka 7 ni mingi, na mwishoni ndipo aombe miezi yake. Nikamwambia tuombe miezi peke yake. Aliniangalia kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwani na wewe unaamini niliiba?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimwambia hapana, sikuamini hivyo hata siku moja. Nikamweleza nilivyoelezwa: kwamba kukata rufaa kulikuwa na siku 14 na zilishapita, na kwamba Mahakama Kuu haikubali ombi la mapitio, yaani la kuitaka ikague uamuzi wa korti ya chini, litumiwe na mtu aliyekuwa na nafasi ya kukata rufaa asiitumie. Tukichanganya, jaji atalazimika kwanza kushughulika na lile linalobishaniwa, na hili lisilobishaniwa litazama pamoja nalo. Kuomba siku zako si kukiri kosa. Alisema ameelewa, lakini niliona kwamba amenikubalia kwa sababu ni mimi, si kwa sababu ameridhika. Nilitoka pale nimebeba mzigo.

Ombi liliandikwa humo gerezani, kwa mkono, kwa msaada wa mfungwa mwenzake aliyepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Lilikuwa la ukurasa mmoja. Aliomba jambo moja: kifungo chake kihesabiwe kuanzia siku aliyokamatwa, kwa mujibu wa kifungu cha 333(2). Hati ya kiapo ilikuwa na aya sita fupi, kila aya ikiwa na tukio moja na tarehe yake, na kila tarehe ikielekeza kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Mama hakutajwa. Watoto hawakutajwa. Mimi niliyemwaga machozi kurasa nne nilipousoma ukurasa ule niliona una nguvu kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Nakala moja ilikwenda kwa ofisi ya mwendesha mashtaka. Hili msilidharau: hakikisheni nakala yenu wenyewe imegongwa muhuri wao wa kupokea, na muitunze. Siku ya kwanza ombi lilipotajwa, wakili wa serikali alisema hana karatasi zozote. Karani akaonyeshwa ule muhuri, na jambo likaishia hapo.

Wakili yule hakutupinga, lakini aliuliza swali la haki: mwenendo unaonyesha kwamba mshtakiwa alipewa dhamana, sasa korti itajuaje kwamba hakutoka? Jaji akaagiza jalada la korti ya chini liletwe, na gereza lithibitishe. Jalada lilichelewa, tukatajwa mara tatu bila lolote. Nilitumia muda ule kufuatilia barua ya mkuu wa gereza iliyoonyesha siku alipopokelewa rumande na kwamba hakuwahi kuachiliwa. Nami nikapitia mwenendo ukurasa kwa ukurasa nikiweka alama kila mahali palipoandikwa kwamba ameletwa kutoka rumande. Orodha hiyo nilimpelekea mdogo wangu, akaiambatanisha na kiapo cha nyongeza.

Uamuzi ulisomwa mapema mwaka 2023. Yeye alikuwa kwenye skrini, kutoka gerezani, mimi nimekaa benchi la nyuma. Jaji alisoma kwa dakika chache tu. Alisema korti ya chini ilipaswa kuzingatia muda wa rumande na haikufanya hivyo, na akaamuru kifungo kihesabiwe kuanzia tarehe ya kukamatwa. Kwenye skrini mdogo wangu alisema, "Asante, Mheshimiwa," kisha picha ikakatika.

Nilidhani yameisha. Wiki mbili baadaye gereza lilikuwa bado na tarehe ya zamani, kwa sababu amri ilikuwa haijawafikia. Nikarudi masijala, nikaomba amri iliyotiwa muhuri, nikaipeleka. Afisa wa nyaraka aliisoma, akafungua faili, akakata tarehe ya 2026 kwa wino mwekundu na kuandika Novemba 2023 juu yake. Nilimwomba anionyeshe mara ya pili.

Mdogo wangu alitoka kabla ya mvua za vuli kuisha. Mama alimshika mkono mchana kutwa. Usiku, watu walipokwisha kuondoka, mdogo wangu aliniuliza kama ule mwenendo wa kesi bado ninao. Nikauleta, na zile alama zangu zikiwa bado pembeni. Akaufungua mahali pa shahidi wa pili.

"Sasa hili, dada," akasema. "Hili la kuomba rufaa nje ya muda, linaandikwaje?"

Nikavuta kiti.