Enkoda Moja, Mabwana Wawili

Mzee alinipokea akiwa na nati mkononi na shafti kwapani. "Fundi, niambie," akasema kabla hata ya salamu, "hizi shafti mbili zimetoka kwa programu moja, kisu kimoja, siku moja. Mbona nati hii inaingia kwa hii, kwa ile inakwama?"

Ilikuwa Aprili 2018, Kariobangi Light Industries, Nairobi, mvua imegeuza barabara kuwa tope. Karakana yake ilikereza shafti za pampu za visima, na ncha ya kila shafti ilikatwa hesi, ile mifereji ya kufungia nati, ya M20, yaani kipenyo cha milimita 20. Lethi, mashine yenyewe ya kukereza, ilikuwa ya zamani, imevuliwa gia zake na kuvishwa CNC, yaani uongozi wa kompyuta: mota ya fezi tatu, draivu ya kuiendesha, na kontrola ya kusogeza kisu. Spindo, mhimili unaozungusha shafti, ikienda polepole, hesi zilitoka safi. Ikifika mizunguko 800 kwa dakika, ilikuwa bahati nasibu.

"Ina pepo," kijana aliyeiendesha akaninong'oneza mzee alipogeuka.

Hesi haikatwi mara moja. Kisu hupita, hurudi, hupita tena kwa kina zaidi, na kila safari lazima kiingie kwenye mfereji uleule. Anayeiambia kontrola mfereji uko wapi ni enkoda, kihisi kinachozunguka pamoja na spindo na kutoa mapigo ya umeme. Ile ya mzee ilitoa mapigo 1024 kwa mzunguko kwenye njia ya A, idadi hiyohiyo kwenye B ikiwa nyuma kwa robo ya pigo, na pigo moja tu kwenye Z. Kila kupanda na kushuka kwa A na B kukihesabiwa, unapata hatua 4096. Kontrola husubiri Z, kisha hupeleka kisu milimita 2.5 kwa kila mzunguko. Z ya uongo ikipenya hapo katikati, kisu kinaanzia popote na shafti ni chuma chakavu.

Draivu nayo iliitaka enkoda hiyohiyo, maana bila kujua kasi halisi ya mota isingeweza kuipa nguvu kwenye mizunguko ya chini. Hilo lilikubalika kwa sababu mota na spindo ziliunganishwa kwa mkanda wa meno, puli zote mbili zikiwa na meno sawa. Ungekuwa mkanda wa V, ambao huteleza, ningemwambia mzee anunue enkoda ya pili, na ningeenda nyumbani.

Aliyefunga mashine hiyo kabla yangu alikuwa amechukua njia ya mkato: kila waya wa enkoda umeingia kwenye konekta, kisha zimetoka mbili, moja kwa draivu na moja kwa kontrola. Hata waya za umeme. Nilizima kontrola nikaiacha draivu ikiwaka. Taa ndogo ya kijani kwenye kontrola haikuzimika. Ilififia tu, ikabaki inamulika kama jicho la paka. Sekunde chache baadaye draivu ikalia kwamba haioni enkoda. Nikapima volti 5 za enkoda nikakuta 3.6. Draivu ilikuwa inailisha kontrola nzima kinyumenyume kupitia waya wa enkoda! Kijana alicheka sana nilipomwonyesha pepo wake.

Hiyo ilikuwa nusu ya ugonjwa. Kila njia ya enkoda ile ina waya mbili zilizosokotwa, moja ikipanda nyingine inashuka, na mwisho wa safari huwekwa rezista ya omu 120. Hapa kulikuwa na miisho miwili, kila mmoja na rezista yake, hivyo enkoda ilibeba omu 60 na mapigo yakatoka yamenyong'onyea. Juu ya hayo, kebo ilipitishwa ubavuni mwa kebo ya mota, ambayo ndiyo yenye kelele za umeme kuliko kitu chochote ndani ya boksi lile.

Draivu nyingine zina matundu ya kutoa nakala ya mapigo, na hapo kazi huwa rahisi. Hii haikuwa nayo. Nikashuka Luthuli Avenue kutafuta chipu mbili, AM26LS32 ya kupokea na AM26LS31 ya kutuma. Nilizilehemu kwenye kibao nikakifunga karibu kabisa na draivu. Enkoda ikaingia kwa draivu moja kwa moja, na rezista yake. Kibao kikasikiliza palepale bila rezista, kikatuma nakala yenye nguvu kwa kontrola, na huko ikawekwa omu 120 nyingine. Volti 5 za kontrola nikazikata. Enkoda na kibao vikalishwa na draivu peke yake, 0 V ikabaki ya pamoja. Kebo ya enkoda ikapewa njia yake mbali na mota, wavu wake umefungwa ardhini upande mmoja tu.

Mzee mwenyewe akapandisha hadi mizunguko 1000. Nati ikapanda kwa vidole hadi mwisho, shafti baada ya shafti.

"Na tepu je? Ya kukata hesi ndani ya tundu?"

Nikamwambia inawezekana, kwa kuwa A na B zikitazamwa pamoja hujulisha spindo inageukia wapi, na kontrola itaifuata hata ikirudi nyuma. Akamwita kijana alete tepu. Nikaomba tuanze na kipande cha alumini, maana tepu ikivunjikia ndani ya chuma cha pua nilijua itakatwa kwenye malipo ya nani.