Saa ya mjomba, gundi yangu na ziwa la Kulkwitz

Kama una Amphibia, saa ya kuzamia ya Kirusi, na kitufe chake cha kujazia kinachezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, usikipeleke kwa fundi. Kiache. Ndivyo kilivyozaliwa. Mimi ningeambiwa hivyo mapema ningeokoa miezi minne, pamoja na euro ambazo mke wangu bado anaamini zilikwenda kwenye matairi ya baridi.

Saa ni ya mjomba. Alisomea uinjinia wa meli Odesa miaka ya 80, akarudi Tanga na cheti, koti zito lisilovalika na Vostok Amphibia aliyoinunua dukani kama mtu anavyonunua mkate. Nasisitiza dukani, maana siku ya kwanza nilipoivaa kwenye klabu yetu ya wazamiaji hapa Leipzig, Ujerumani, mwanachama mmoja alinikamata mkono na kutangaza kwamba hiyo ni saa ya makomando wa majini. Kiwanda cha Vostok, kule Chistopol, Urusi, kando ya mto Kama, kweli kilikuwa kinaitengenezea saa Wizara ya Ulinzi ya Kisovieti, na zile saa zake za Komandirskie nyingi zimeandikwa usoni kuwa ni oda ya wizara. Lakini Amphibia, iliyotoka 1967 ikiwa na kibali cha kuzama mita 200, raia yeyote aliweza kuinunua. Mjomba hakuwa komando. Hata pale ufukweni Raskazone, Tanga, alikuwa anaingia maji ya magoti, anatoka.

Aliponipa ilikuwa imesimama. Fundi mmoja wa nyumbani alikwisha kuifungua na kuifunga, na mjomba akasema, "Wewe uko Ulaya, huko mafundi hawakosi."

Hawakosi kweli. Wa kwanza aligusa kitufe, kikayumba, akanirudishia saa kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Wa pili aliisafisha mashine, akatoza tisini na kitu, na haki yake nimpe: saa ikaanza kutembea. Akaniambia nisiingie nayo hata bafuni. Wa tatu hakuwa fundi, alikuwa mzamiaji mwenzangu mwenye majibu ya kila jambo. "Kitufe kinacheza kwa sababu kimelegea. Ziba kwa silikoni, basi."

Nikaziba. Jumamosi usiku nilijaza saa mpaka mwisho, nikafunga kitufe, nikachukua silikoni ile nyeupe ya kuzibia pembe za bafu na kukizungushia. Kisha nikaona nisifanye ubahili, nikapaka na mfuniko wa nyuma. Ilionekana kama keki ya harusi. Jumapili tukaingia ziwa la Kulkwitz, shimo la zamani la makaa ya mawe lililojaa maji, kilomita chache tu kutoka mjini. Mita tano, sawa. Mita tisa nikaona kama pumzi ya mtu imepuliza kioo kwa ndani. Mita kumi na tatu mishale haionekani tena, ni uji mtupu. Yule mshauri alikuwa pembeni yangu, ananionyesha alama ya vidole ya "safi".

Nchi kavu nikagundua upumbavu wa pili. Hiyo ni saa ya kujaza kwa mkono, nami nimegandisha mahali pa kujazia. Na kuifungua ili ikauke siwezi, kwa sababu nimegandisha na mfuniko. Nilikwangua silikoni kwa wembe hadi saa nane usiku, kisha nikaizika kwenye mchele. Usifanye hivyo nawe. Vumbi la mchele lilikaa ndani ya mashine, na yule wa tisini na kitu alipoiona tena alicheka mbele yangu na kutoza tena.

Ndipo nikampigia mjomba, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeiharibu?"

Sikujibu moja kwa moja. Akanieleza taratibu kwamba kitufe kile ukikifungua kinaachana na mashine kwa makusudi, ili kikigongwa mhimili usipinde. Ukitaka kujaza unakivuta nje kidogo sana, unakizungusha huku umekishikilia hivyo. "Odesa hata watoto walijua," akasema. Nilijaribu. Vito 17 vya ile mashine ya Chistopol vikaanza kunong'ona mkononi kama havijawahi kuonja mchele.

Basi maji yalipita wapi? Hapa ndipo ninapojivunia, mniwie radhi.

Saa nyingi za kuzamia mfuniko wake unazungushwa kama wa chupa, na mpira ulio chini yake unasokotwa kila ukifungwa. Mikhail Novikov na Vera Belova, wabunifu wa Amphibia, walikwenda njia nyingine. Mfuniko haujizungushi hata kidogo. Una vijino vinavyokaa kwenye mapengo ya mwili wa saa, chini yake mpira mpana na mnene, na pete ya pembeni ndiyo inayozungushwa ili kuukandamiza. Maji yakisukuma, yanauminya mpira zaidi. Kioo nacho ni plastiki nene inayobonyea kidogo na kujikaza kwenye kingo. Yaani kadiri unavyoshuka ndivyo inavyojifunga.

Nilipofungua pete (kwa koleo la ncha kali, likateleza, mkwaruzo upo mpaka leo) nilikuta kioringi, yaani kipete cha mpira, chembamba, cha aina inayowekwa kwenye bomba la jikoni. Fundi wa nyumbani hakuwa na ule mpana, akaweka kilichopo. Na mfuniko haukuwa umekaa kwenye vijino, ulikuwa umepanda juu ya kimoja. Kitufe kilichosingiziwa na watu watatu hakikuwa na kosa lolote.

Mpira nilioutaka niliupata gulio la vitu vya kale la agra, Markkleeberg jirani na Leipzig, kwa mzee mwenye kopo la pipi lililojaa vipuri vya Kisovieti. Euro tano, au sita. Jirani yake alikuwa anauza IDA-71, chombo cha kupumulia cha wazamiaji wa jeshi lile, kile kisichotoa mapovu, akanibembeleza nikijaribu. Hapo nilikuwa na akili. Ndani yake huwekwa kemikali inayotoa oksijeni ikikutana na unyevu wa pumzi, na ikikutana na maji yenyewe inachemka na kuwa kitu cha kuunguza koo. Sahani za oksijeni za jamaa hiyo hiyo ndizo zilizowaka ndani ya nyambizi ya Kirusi Kursk mwaka 2000, zilipoangukia maji yenye mafuta. Sifa ya uimara wa vitu vya Kisovieti ina mipaka, na mapafu yangu siyo mahali pa kuipimia.

Kurudi kwenye saa. Sikutaka kuihatarisha mashine mara ya pili, kwa hiyo niliitoa. Kwenye mwili mtupu nikaweka kipande cha karatasi ya chooni nilichokichora mistari kwa wino wa kalamu za wanafunzi, ule unaotambaa ukiona unyevu hata kidogo. Mpira nikaupaka grisi ya silikoni, kiduchu, wa kung'aa tu. Mfuniko kwenye vijino vyake, pete, kitufe. Tukashusha saa tupu kwa kamba, mita ishirini na kitu, tukaenda kunywa kahawa. Saa moja baadaye nikafungua mikono ikitetemeka, na siyo kwa baridi. Mistari ilikuwa mikavu, mikali kama nilivyoichora.

Sasa nimezama nayo mara kumi na moja. Inakwenda mbele kama sekunde 40 kwa siku, na kiwanda chenyewe kilijiruhusu mpaka 60, kwa hiyo yangu ni mwanafunzi mzuri. Nilimtumia mjomba picha iliyopigwa chini kabisa, mita 24, kioo kikavu, mishale inasomeka. Akakaa kimya nusu siku.

Kisha akaandika: "Mkanda wangu uko wapi?"

Niliutupa siku ya silikoni.