Nimetoka Udzungwa, nawaza Rondo

Jamani, mwenye uwezo aende Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Sisi wa Mtwara tumezoea bahari na mikorosho. Kuingia msitu wenye giza mchana kweupe ni habari nyingine kabisa. Na humo hakuna kuzunguka na gari, ni miguu yako na mwongozaji.

Tulipanda hadi maporomoko ya Sanje. Maji yanashuka mita zipatazo 170, na manyunyu yake yanakulowesha shati hata hujayafikia. Njiani mbega wekundu wa Iringa walikuwa wakiruka juu yetu, mikia inaning'inia, majani yanatudondokea vichwani. Dunia nzima, mbega hao wanaishi milima hiyo na misitu ya bonde la Kilombero chini yake tu!

Aliyenigusa zaidi ni mama mmoja mtu mzima, raba mguuni, kanga kiunoni. Kila kona anapumzika, anafuta jasho, anaendelea. Tangu 1992 msitu ule ni hifadhi ya taifa, yaani ni wake pia. Ungekuwa mali ya tajiri fulani, getini tu angerudishwa. Na mito ya huko ndiyo inayoshuka kulisha bonde la Kilombero, kwenye mpunga na miwa.

Sasa nawaza msitu wetu wa Rondo, hapo Lindi tu, wenye komba mdogo anayeitwa kwa jina la mahali hapo. Kila siku tunapita Mnazi Mmoja ya Lindi tukienda Dar, Rondo hatupandi. Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, kiangazi hiki nataka twende. Nani yumo?