Barafu na Jembe ni Rika Moja

Moshi, Jumapili jioni, Julai

Kuna hesabu imenikaa kichwani tangu katikati ya wiki, na nisipoiandika haitanipa usingizi. Barafu ya kale kabisa iliyopimwa kule juu Kibo, kilele kikuu cha mlima wetu wa Kilimanjaro, ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Kilimo nacho, kwa wanaochimba na kupima mabaki ya kale, kilianza Mashariki ya Kati karibu na wakati huohuo, dunia ilipotoka katika enzi ndefu ya baridi na majira yakaanza kutulia. Barafu ile na jembe ni rika moja. Ngano, mtama, mahindi, ndizi, vyote vilifugwa na mkono wa binadamu ndani ya kipindi hicho cha utulivu, na kabla yake hatuna uzoefu wa kulisha watu kwa shamba.

Binadamu kama sisi tupo duniani kwa miaka kama 300,000. Sehemu kubwa mno ya muda huo tuliishi kwa kuwinda na kuchuma, wachache sana, na hali ya hewa ilipogeuka tulihama. Leo tumezidi bilioni 8. Mkoa wetu peke yake ulihesabiwa watu karibu milioni 1.9 katika sensa ya 2022. Tukisema tuhame, tunahamia kwa nani?

Mwaka 2000 mwanasayansi Mmarekani, Lonnie Thompson, alipanda Kibo na timu yake wakiwa na mashine ya kutoboa, wakatoa nguzo sita za barafu, ndefu zaidi ikiwa na mita 50 hivi. Mvua ya kila zama imeacha alama yake mle. Kuna tabaka la vumbi ambalo waliliona kwa macho, la miaka kama 4,000 iliyopita, na wakalihusisha na ukame uliodumu takribani miaka 300. Hapo ndipo nilipoweka simu chini. Miaka 300 ni vizazi kumi na zaidi. Mama alizaa katika ukame, binti yake akazaa katika ukame, na mjukuu akakua akiamini kwamba dunia ndivyo ilivyo. Walipita, kwa kuwa sisi tupo. Lakini walipita wakiwa na nafasi ya kuswaga mifugo hadi bonde jingine, na bonde hilo halikuwa na hati ya mtu.

Nguzo zile zinatunzwa Ohio, katika chumba chenye baridi ya nyuzi 34 chini ya sifuri. Inaniuma, nasema kweli. Huenda wajukuu wetu wakitaka kuiona barafu ya Kibo itabidi waombe viza.

Kupungua kwenyewe hakukuanza juzi. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, na ambaye simulizi za huku zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa kiongozi wa safari yake, alirudi mwaka 1898 akakuta barafu imerudi nyuma. Wataalamu wanaeleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Afrika Mashariki iliingia katika ukavu: mawingu yakapungua juu ya mlima, theluji mpya ikawa haba, jua likawa linaipiga barafu bila kizuizi. Joto la dunia likaja kuongeza uzito wake juu ya hayo. Kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu ilitoweka. Thompson alikadiria kwamba iliyobaki ingeisha kati ya 2015 na 2020, na haikuisha, kwa hiyo nimewasikia watu mjini wakisema wazungu walidanganya. Mimi natazama juu siku mlima unapofunguka na sioni cha kushangilia. Mwaka 2022 UNESCO walisema barafu ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwakani atakuwa bado kijana.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi wa hapa wanalichanganya, na lina uzito kuliko picha nzuri ya kilele. Maji yetu hayatoki kwenye barafu, ila kidogo sana. Yanatoka msituni. Ukanda ule wa miti kati ya vijiji na nyika ya juu ndio unaopokea mvua nyingi kuliko sehemu yoyote ya mlima, na ile miti iliyojaa ndevu za mimea midogo inayoota kwenye magome kule juu inakamua ukungu, matone yanashuka ardhini hata siku isiyo na mvua. Chemchemi za Kibosho, mito inayoingia Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu, mashamba ya miwa ya tambarare, vyote vinaning'inia hapo. Mioto ya miaka mingi imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Ule wa Oktoba 2020 tuliuona usiku tukiwa mjini, mstari mwekundu mlimani, na Oktoba 2022 ukawaka mwingine. Barafu ikiisha tutalia. Msitu ukiisha hatutakuwa na maji ya kunawia hayo machozi.

Naandika haya nikijua vizuri kwamba Afrika nzima haifikishi hata asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na mafuta na makaa ya mawe duniani. Deni kubwa liko kwingine na lidaiwe huko, kwa sauti. Hata hivyo, moto wa msituni hauwashwi na mtu wa Ulaya.

Ninapojiuliza kama binadamu atafika miaka mingine 11,700, sipati jibu kwenye mikutano mikubwa. Napata kitu kinachofanana na jibu nyumbani Kibosho, kwenye kihamba, lile shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Juu kabisa miti mirefu, mringaringa na mruka, chini yao migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na mboga, na mbuzi zizini akirudisha mbolea. Mfongo, mfereji wetu wa jadi, ukileta maji kutoka mtoni, kila nyumba na zamu yake, na siku ya kuuzibua watu wote wanatoka na majembe, asiyetoka analipa. Watu wameishi hivyo kwa karne nyingi, wamebanana kuliko sehemu nyingi za nchi, na udongo haukuchoka. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kahawa yenyewe ni mgeni wa mwishoni mwa karne ya 19, aliyeletwa na wamisionari, na kihamba kikamkaribisha bila kung'oa wenyeji.

Kilichokilinda, ninavyoamini mimi, ni kwamba hakuna aliyejiona mwenye mali. Makaburi yako palepale, chini ya mimea ya masale. Babu alikuwa akitembea kati ya migomba akisema hiki ni cha baba yake na cha mjukuu wake, yeye anakipalilia tu. Huo ni uwajibikaji kwa wafu na kwa wasiozaliwa kwa wakati mmoja, na sijaona katiba ya nchi yoyote iliyoushika hivyo.

Sasa uwajibikaji huo unakatika. Eneo lililolisha nyumba moja linagawanywa kwa ndugu watano, na mwenye robo eka anauza mringaringa kwa mwenye msumeno kwa sababu kahawa hailipi. Desemba hii, wote watakapopanda kutoka Dar, familia yetu nayo itagawana. Kaka yangu anataka kujenga vyumba vya kupangisha upande wa mtoni na kukata miti iliyopo pale ili apate mtaji. Nimemkumbusha mita 60 ambazo sheria ya mazingira inataka ziachwe kutoka mtoni. Akanijibu kwamba jirani zetu wamejenga ndani ya mita 20 na hakuna aliyewauliza, na kwamba watoto wake wanataka ada ya Januari, kivuli cha mwaka 2080 hakilipi ada.

Nimelifikiria jibu lake siku nzima, maana ni la haki. Hata serikali zinazosita kufunga migodi ya makaa ya mawe zinasema lilelile, kwa lugha ya kupendeza zaidi. Kumwambia mtu mwenye dhiki ya leo ajali ya kesho, halafu ukaondoka ukamwachia dhiki yake, ni ukatili. Anayeutaka mti ubaki aingize mkono mfukoni.

Kwa hiyo jioni hii nimempigia. Nimemwambia nitachukua ada ya mtoto wake mkubwa kwa mwaka mzima, na vyumba avijenge upande wa barabara, kwenye kipande kilichokuwa na zizi. Miti ya mtoni ibaki ya wote, isiingie kwenye mgawo wa mtu. Mila haikunipa mimi kipande, ni binti, na yeye alinikumbusha hilo bila ukali. Nikamwambia ndiyo maana naweza kuusemea mto, sina ninachovizia. Hakukubali, hakukataa. Alisema nizungumze na baba mdogo, nami nimezungumza naye: kikao ni baada ya Krismasi, na amekubali nipewe nafasi ya kusema kabla kamba ya kupimia haijafunguliwa.